Ekartipe ya Mama

Wiki iliyopita binti yangu alifungua daftari lake la hesabu mezani akaniuliza ekartipe ni nini, na wakati huohuo upepo ukaleta kutoka kwa jirani harufu ya rojo la mchele lililochacha, lile la kuokea mikate. Nilianza kucheka. Nilicheka mpaka ikabidi niishike meza. Binti yangu akanitazama kwa huruma, kama watoto wa siku hizi wanavyotutazama sisi tuliokua wakati wa vita, akidhani kuna kitu kililegea kichwani na hakikukazwa tena. Nikamwambia nitamweleza hiyo ekartipe, ila kwanza itabidi nimweleze jinsi nilivyomharibia bibi yake jina katika komini nzima ya Mikelenge, maana mambo hayo mawili mimi nilijifunza siku moja.

Wenzangu wa rika langu wanaikumbuka Kindu ya miaka ile. Treni ilikuwa imenyamaza, na reli imeota majani hadi mbuzi wakawa ndio abiria. Chumvi ilishuka kwa ndege kama mgeni wa heshima. Sisi watoto tulidhani vita ni mlio tu, na siku isiyo na mlio tuliihesabu kuwa siku ya kawaida. Baba yangu alikuwa fundi seremala. Alikwenda Lubutu kutengeneza viti vya kanisa, kazi ya wiki mbili, na barabara ikafungwa nyuma yake. Msituni kulikuwa na watu wenye bunduki ambao hawakuuliza mtu anakwenda wapi. Wiki mbili zikawa miaka miwili. Mara mojamoja mwendesha baiskeli aliyethubutu kupita na mawese alituletea salamu: yuko hai, anakula, anaogopa njia.

Mama alitulisha kwa mikate ya mchele. Aliloweka mchele, akautwanga, akatia kidogo malofu, ile pombe ya mchikichi, ili rojo lichache usiku, kisha asubuhi akalimimina katika mikebe sita iliyopakwa mawese na kuweka makaa chini na juu. Mikebe hiyo haikuwa ndugu. Miwili ilikuwa ya maziwa ya unga, mmoja ulikuwa umebonyea ubavuni kama mtu aliyepigwa teke, na mitatu ilitoka sijui wapi. Mama alimimina kwa jicho, na jicho lake lilikuwa la mtu anayefikiria mambo mengine.

Katika chumba chetu cha uani aliishi Profesa Amisi, mwalimu wa hesabu wa sekondari. Alikuwa mwembamba, mwenye suruali moja na chaki nyingi. Hakuna aliyekuwa akimlipa mshahara, hivyo alilala kwetu na kula kwetu, naye akamfundisha dada yangu Feza kwa ajili ya mtihani wa serikali, mtihani ambao hakuna aliyejua kama utafanyika. Profesa alisema mtihani ni kama mvua, wewe chimba mfereji tu.

Basi siku moja askari wawili wa pale kwenye barieri, kizuizi cha njia karibu na reli, walinunua mikate yetu. Mmoja akapata mkubwa, mwenzake akapata mdogo. Yule wa mdogo akasema ameibiwa. Yule wa mkubwa akasema Mungu ndiye aliyegawa. Maneno yakapanda, bunduki zikakokiwa, na mama yangu akaingia chini ya meza ya mikate pamoja na kuku wa jirani. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu, lakini mkubwa wao alikuja nyumbani kwetu siku hiyohiyo. Tulimwita Komanda. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kuchoka.

“Mama,” alisema, “mikate yako iko naleta vita ndani ya vita yangu. Jumamosi nakuja hapa na mizani. Yote iwe sawasawa. Kama hapana, nabomoa hilo jiko.”

Hiyo ilikuwa Jumanne. Mama hakulia. Aliketi juu ya kinu akatazama mikebe yake sita kama mtu anayetazama watoto walioshindikana.

Jumatano nilikuwa nyuma ya ukuta wa matete nikichambua mchele, na upande wa pili Profesa alikuwa akimfundisha Feza. Ndipo nikasikia maneno yaliyobadili maisha yetu.

“Feza,” alisema Profesa kwa sauti ya chini, “shida njo hii: ekartipe ya mama yako iko mukubwa sana.”

“Mukubwa namna gani?” aliuliza Feza.

“Mukubwa kupita kiasi. Lazima tuipunguze mbele ya Jumamosi. Komanda akiiona vile iko, tumekwisha.”

Nataka mnielewe, nilikuwa na miaka tisa. Kwetu Kindu, mwanaume usiyemjua jina huitwa tipe. Ule tipe wa sokoni, ule tipe wa baiskeli. Mimi nikasikia wazi kabisa: Ekari, tipe ya mama yako. Mama alikuwa na mwanaume, na jina lake Ekari. Kama Profesa angezungumza kile Kiswahili cha vitabuni, ningegundua mapema kwamba hazungumzii mtu. Lakini Kiswahili chetu ni cha ukarimu: “iko” hubeba mtu, mbuzi na kikaango bila kubagua. Baba iko Lubutu, sufuria iko jikoni, Ekari iko mkubwa sana.

Niliwaza juu ya ukubwa huo siku nzima. Mlango wetu ulikuwa mwembamba, kwa hiyo nilijiuliza anaingilia wapi. Nikachunguza uani nikakuta alama ya kisigino kipana, nikasahau kwamba Komanda alipita hapo jana yake. Nikakumbuka pia kwamba mikate mikubwa ilikuwa ikipotea zaidi kuliko midogo. Sasa nikajua anakula nini. Nikamwonea uchungu baba yangu, aliyekuwa Lubutu akiranda mbao na kuogopa njia, huku mtu mwingine ananenepa kwa mchele wetu. Nilimpenda mama pia, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu. Sikujua nimchukie saa ngapi, maana kila nilipopanga kumchukia alikuwa akinisuka nywele.

Nilikwenda kwa Mama Kavira. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye duka la chumvi na samaki wakavu mkabala na kwetu, Mkristo wa kufunga na kuomba, na mwanamke pekee mtaani aliyekuwa na mizani.

“Mama Kavira,” nikamwuliza, “weye unamujua Ekari?”

“Ekari gani?”

“Tipe ya mama. Profesa anasema iko mukubwa sana, na Komanda akimuona tutakufa.”

Mama Kavira aliweka chini samaki aliyekuwa amemshika. Alifanya ishara ya msalaba. Kisha akaniuliza polepole, kwa sauti tamu ambayo hakuwahi kuitumia kwangu, kama nimewahi kumwona kwa macho. Nikasema bado, ila nimeona kisigino. Akanipa kipande cha sukari guru. Leo naelewa kwamba ulikuwa mshahara.

Kufikia Alhamisi asubuhi Ekari alikuwa na kazi: dereva wa lori. Adhuhuri alikuwa na wake wawili Kasongo. Kisimani wanawake walinyamaza mama alipofika, na mama akadhani wanamhurumia kwa sababu ya jiko. Ijumaa asubuhi, wakati mikate ilikuwa inatoka motoni, aliingia Shangazi Mwamini, dada mkubwa wa baba, mwanamke mpana aliyetembea kama anasukuma mlango ambao haupo.

“Wifi,” alisema bila salamu, “mutoe hapa.”

“Nimutoe nani, wifi?”

“Ekari! Kaka yangu iko anateseka Lubutu, na weye unafuga muntu ndani ya nyumba yake!”

Feza akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Feza. Kisha Profesa akanitazama mimi, maana nilikuwa nimejificha nyuma ya kinu, na kinu hakikutosha kunificha.

“Shangazi,” alisema Profesa, “huyo unayemutafuta iko hapa. Kaa, nikuonyeshe.”

Wakaleta mizani ya Mama Kavira, na Mama Kavira mwenyewe akaifuata, na nyuma yake nusu ya mtaa, kila mmoja akitaka kumwona Ekari akitolewa. Profesa alitoa ubao wake. Akapima mikate sita ya asubuhi hiyo mmoja baada ya mwingine, akaandika gramu zake: mia mbili na hamsini, mia mbili themanini, mia tatu, mia tatu, mia tatu thelathini, mia tatu arobaini.

“Tukichanganya yote na kugawa kwa sita, kila mukate unapata ngapi?”

Feza akasema, “Mia tatu.”

“Huo ni wastani. Sasa kila mukate uko mbali na mia tatu kiasi gani? Huyu wa kwanza amepungua hamsini. Wa pili amepungua ishirini. Hawa wawili wako palepale. Huyu amezidi thelathini, na huyu arobaini. Shangazi, changanya upungufu na ziada.”

Shangazi alihesabu kwa vidole. Upungufu ulikuwa sabini. Ziada ilikuwa sabini. “Vinamalizana,” alisema. “Hakuna kitu.”

“Kwa hiyo mikate iko sawa?”

Shangazi aliunyanyua ule wa mia mbili na hamsini kwa mkono mmoja na ule wa mia tatu arobaini kwa mwingine. “Weye Profesa, unaniona mujinga?”

“Njo vile!” Profesa alifurahi mpaka chaki ikavunjika. “Hesabu hii inadanganya, kwa sababu upungufu na ziada vinafichana. Ndiyo maana kila tofauti tunaizidisha yenyewe kwa yenyewe, ili upungufu usipate pa kujificha. Hamsini kwa hamsini, elfu mbili na mia tano. Ishirini kwa ishirini, mia nne. Hawa wawili, sifuri. Thelathini kwa thelathini, mia tisa. Arobaini kwa arobaini, elfu moja na mia sita. Jumla elfu tano na mia nne. Gawanya kwa sita.”

“Kwa nini sita?” aliuliza Mama Kavira, ambaye alikuwa mwanamke wa biashara na hakupenda kitu kugawanywa bila sababu.

“Kwa sababu mikate ya leo ni sita na tumeipima yote. Hatukuacha hata mumoja. Tungepima michache ili kubahatisha mingine, hapo tungegawa kwa idadi iliyopungua moja. Lakini hapa familia nzima iko mezani. Elfu tano na mia nne kwa sita ni mia tisa. Sasa namba gani ukiizidisha yenyewe inaleta mia tisa?”

“Thelathini,” alisema Feza.

“Gramu thelathini! Hiyo njo ekartipe. Inatuambia kwamba mukate wa Mama Feza, kwa kawaida, unakaa mbali na mia tatu kwa kama gramu thelathini. Na hiyo iko mukubwa. Huyo njo Ekari wenu.”

Watu waliitazama ile thelathini ubaoni kama wanaomtazama marehemu. Mtu mmoja nyuma akauliza, “Na wale wake wawili wa Kasongo?” Ndipo mama akaelewa yote kwa mara moja, akageuka kunitafuta. Sitasimulia yaliyonipata. Nitasema tu kwamba makofi yake hayakuwa na ekartipe, yote yalikuwa ya uzito mmoja.

Shangazi alikaa, akafuta uso, akaomba mkate. Akapewa ule mdogo.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo nilikuwa mtoto mwenye hekima. Lakini nilikuwa nimeelewa jambo moja, kwamba mikate ikilingana ekartipe inakwisha, na nilitaka kulipa deni la aibu yangu. Mchana huo mama alioka tena, kwa jicho kama kawaida, ili Profesa apime mara ya pili. Walipoingia ndani kushauriana, nilichukua wembe na mizani. Nikautafuta mkate mdogo kuliko yote, kisha mingine mitano nikaipunguza mpaka ikafanana nao, kipande kwa kipande, na vipande sikuweza kuvitupa wakati wa vita. Nilivila. Profesa alipotoka kupima aliandika mia mbili na hamsini mara sita. Akavua miwani. Akavaa tena.

“Sifuri,” alisema kwa sauti ya mtu aliyeona malaika. “Mama Feza, ekartipe iko sifuri!” Halafu akahesabu wastani. “Lakini wastani umeanguka. Gramu mia tatu hazipo. Mukate muzima umepotea.”

Wote wakanitazama. Mdomo wangu ulikuwa na makombo na tumbo langu lilikuwa gumu kama ngoma.

“Huyu mutoto,” alisema mama, “ametufanya tuwe sawa kwa njaa.”

Profesa hakunikaripia. Aliniambia jambo ambalo nimelibeba mpaka leo kazini na nyumbani, kwamba watu wakiwa sawa kabisa bado unapaswa kuuliza wako sawa katika nini. Kisha akaenda dukani kwa Mama Kavira akarudi na kikombe kimoja cha bati. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yenyewe, na ilitia aibu kwa urahisi wake: kikombe kilekile, kijae mpaka ukingoni, kifutwe kwa kisu, kila mkebe vikombe viwili, uwe wa maziwa au uliobonyea. Kumbe ubaya haukuwa wa mikebe. Ulikuwa wa jicho.

Jumamosi Komanda alikuja na mizani yake na askari wawili, walewale. Feza alikuwa ameshapima na kukokotoa alfajiri: mmoja mia mbili tisini, mmoja mia tatu kumi, minne mia tatu kamili. Komanda alipima. Alirudia kupima. Nilimshika mama nguo.

“Hii iko sawa,” alisema Komanda mwishowe. Alionekana kama mtu aliyekuja kubomoa na sasa hana kazi. “Nani alikufundisha?”

Mama alijua kwamba kumtaja Profesa ni kumtoa. Watu wenye akili walikuwa wakichukuliwa kwenda kuandika vitabu vya hesabu vya kambi, na hawakurudi haraka. Akasema neno la kwanza lililomjia.

“Ekartipe, Afande.”

“Huyo Ekartipe njo nani? Mulete hapa. Niko na kazi yake.”

Profesa alikuwa nyuma ya mlango wa chumba chake, na mimi niliiona chaki ikianguka chini ya mlango na kubingirika nje. Mama aliona pia. Akaikanyaga.

“Hawezi kukusaidia, Afande,” alisema kwa huzuni kubwa. “Zamani alikuwa mukubwa. Juma hili amepunguka sana. Leo hafiki hata gramu sita.”

Komanda alimtazama mama. Alitazama mizani. Nadhani alifikia uamuzi kwamba vita vimemwathiri mwanamke huyu, na kwamba mtu aliyeathirika lakini anaoka vizuri aachwe aoke. Akachukua mikate yote sita, akaondoka. Mama aliketi chini palepale alipokuwa amesimama, na Profesa alitoka akiwa amelowa jasho kama aliyevuka Lualaba kwa miguu.

Lakini habari hupita mahali ambapo mtu hapiti. Kuna mwendesha baiskeli aliyeondoka Kindu Ijumaa asubuhi, kabla ya somo la uani. Huyo alibeba mawese na nusu ya hadithi. Alipofika Lubutu alimkuta baba yangu karakanani, akamwambia kwa majonzi kwamba Mama Feza ana tipe, anaitwa Ekari, ni mkubwa kupita kiasi, na Komanda akimwona watakufa wote.

Miaka miwili baba alikuwa ameiogopa njia ile, na aliiogopa kwa haki. Siku hiyo aliacha kiti cha kanisa kikiwa na miguu mitatu, akaanza kutembea.

Alifika baada ya zaidi ya wiki mbili, saa nane mchana, jua kali. Nilikuwa wa kwanza kumwona na sikumtambua. Alikuwa na ndevu, nyundo mkononi, na mbavu zake ungeweza kuzihesabu. Alisimama mlangoni.

“Iko wapi?” alisema.

Mama aligeuka kutoka jikoni. Alimtazama mume wake aliyepita katikati ya bunduki zote za msituni kuja kumuua mtu ambaye hayupo. Nilingoja alie. Alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha kicheko kikavunjika katikati kikawa kilio, na baba akabaki amesimama na nyundo yake hajui ampige nani.

Profesa alijaribu kumweleza. Baba akasema hataki maneno. “Mimi fundi. Nionyeshe vipimo.” Basi ubao ukatolewa tena, na Feza akaandika upya ile mikate sita ya Ijumaa. Baba alitoa penseli ya fundi kutoka nyuma ya sikio, akapitia kila namba peke yake: akajumlisha, akagawa, akatoa, akazidisha. Alipofika mia tisa alisita, akanong’ona, akarudi nyuma kukagua kwa nini ni sita. Kisha akaandika thelathini kwa mkono wake, akaikazia mstari chini, kama anavyofanya kwenye mbao kabla ya kukata.

Aliweka nyundo chini. Akaketi kwenye kizingiti, akavua viatu.

Mama aliviokota kabla havijapoa, akaviingiza ndani ya sanduku lake, akafunga kwa kufuli.